Nani Alimuuliza Mayu?

Bariadi,
Jumatatu, 12 Mei 2025

Mdogo wangu Hilaria,

Nakuandikia kwa kalamu na karatasi, kama watu wa enzi za stempu, kwa sababu mbili. Ya kwanza, jana ulinikatia simu mara tatu, na nilipopiga ya nne nikakuta umenifungia kabisa nisikupate. Ya pili, simu yenyewe siiamini tena. Tangu uniunganishie hayo mambo yako naona kila ninachogusa kinakwenda kukusimulia. Karatasi angalau inajua kunyamaza. Nampa kondakta wa basi la Dodoma, ataiacha ofisi ya vifurushi kwa jina lako. Ikifika inanuka dagaa usishangae, huyo bwana anapitia Lamadi kwanza.

Sasa tuanze mwanzo, maana ukikasirika mwanzo huwa unaupoteza.

Mwezi wa kwanza mama yetu, Mayu, aliugua. Tabibu Dastan wa zahanati pale Kimali akatuambia moyo umechoka: asibebe ndoo, asiiname shambani, atembee kidogo kidogo tu, apumzike sana. Wewe ukatuma saa ya kuvaa mkononi, ile inayohesabu hatua na mapigo ya moyo, na simu ya kupangusa ya kukaa nayo karibu. Nikashukuru. Nilisema hata mbele za watu kwamba mdogo wangu ana akili.

Halafu ukanipigia mwezi wa pili, niko uwanjani Mwandoya nimezungukwa na wakulima wa pamba. Ukasema umepata msaidizi wa akili mnemba, unataka umuunganishe na hiyo huduma ya saa ili kila asubuhi umuulize habari za Mayu akujibu. Akaunti ya saa tuliifungua kwa namba yangu, kwa hiyo mlango ni mimi. Ukasema, kaka, zitakuja tarakimu sita, nisomee. Nikakusomea. Ukafunguka ukurasa wa kuuliza kama ninamruhusu huyo msaidizi asome hatua, usingizi, mapigo ya moyo, mahali mtu alipo, na tena aweke malengo na vikumbusho. Nikatia tiki zote tano, nikabonyeza Ruhusu.

Kazi yangu unaijua. Mimi bwana shamba. Nusu ya wakulima ninaowaandikisha kwenye mfumo hawana simu, natumia namba yangu, natia tiki kwa niaba yao. Wao hawasomi, mimi sisomi, mfumo unafurahi. Mayu naye nilimwandikisha hivyo hivyo, kama mkulima wa eka tatu.

Hilo ndilo kosa langu, nalikubali. Lakini hebu nikumbushe, ni nani aliyeniomba nimsomee namba za siri kwenye simu? Si wewe, afisa TEHAMA mzima, unayebandika matangazo kwenye milango ya ofisi kwamba mtu asimpe yeyote namba ya uthibitisho?

Na jana ukaniambia ninamuua mama yetu. Nina miaka hamsini na mitatu, nina kitambi, nina goti moja linalotabiri mvua kuliko redio. Nimeitwa mengi. Muuaji ni mara ya kwanza, na limetoka kwako. Niandikie hapa kwenye karatasi, bila kukata, hiyo mashine yako imekuambia nini.

Kaka yako mwenye uchungu,
Methodius

*

Dodoma,
Jumatatu, 19 Mei 2025

Kaka Methodius,

Shikamoo yako nimeiweka kwanza. Utaipata ukiistahili.

Umetaka karatasi, haya. Kila asubuhi kabla sijanywa chai namuuliza msaidizi: Mayu ameamkaje? Mwezi wa pili alikuwa ananijibu hatua elfu mbili, elfu mbili na nusu, moyo umetulia. Nilikuwa nakwenda kazini ninaimba. Mwezi wa tatu zikawa elfu tano. Wa nne elfu tisa. Wiki iliyopita, kaka, hatua elfu kumi na moja na mia nne kwa siku moja. Mama wa miaka sabini na mmoja ambaye tabibu amesema apumzike.

Na si hatua tu, ni namna zilivyopangika. Anaanza saa kumi na mbili asubuhi. Saa moja anatembea. Saa mbili anatembea. Saa tatu, saa nne, saa tano, hakuna saa inayopita. Mtu hatembei hivyo kwa hiari yake. Mtu anayetembea hivyo anatumwa.

Ramani inaonyesha anakozunguka: kutoka nyumbani mpaka ukingo wa pamba, kurudi, kwenda tena. Pamba ya nani iko pale ukingoni? Eka zako mbili. Huu ni mwezi gani? Wa kuchuma. Sihitaji mashine kunijumlishia hayo, nimekulia hapo.

Tarehe sita mwezi huu alizunguka boma la mzee Bujiku mara tatu, siku ya msiba wa mkewe. Mara tatu, kaka, watu wamekaa wanaomboleza. Nikajiuliza kama akili imeanza kumchanganya kwa uchovu. Sikulala vizuri.

Nimeomba likizo. Tarehe 28 mwezi wa sita nakuja kumchukua. Chumba nimeshapaka rangi. Wewe uliachiwa mama kwa sababu wewe uko karibu, na umemgeuza kibarua. Usinijibu kwa utani wako, nimechoka nao.

Hilaria

*

Bariadi,
Jumatatu, 26 Mei 2025

Hilaria,

Hakuna utani humu. Nimejaribu kuandika barua hii mara mbili, ya kwanza niliichana kwa sababu ilikuwa na maneno ambayo baba asingependa tuambiane.

Pamba yangu imechumwa na kikundi cha akina mama wa Mwandoya, niliwaajiri tangu mwezi wa nne. Mayu hajagusa hata kitumba kimoja. Ninakwenda Kimali kila Jumamosi, jua mvua. Jumamosi iliyopita nilimkuta amekaa kwenye kigoda anapepeta choroko, akakaa hapo mpaka ninaondoka, hakuinuka hata mara moja. Sasa nani mwongo, macho yangu au saa yako?

Nikuambie ninavyofikiri. Saa haiko kwa Mayu. Unamjua, kitu kizuri hakikai kwake. Zile kanga ulizomletea zilivaliwa na kanisa zima. Amemgawia mtu anayechunga, ng'ombe wanakwenda na mtu anakwenda, na wewe huko Dodoma unalilia miguu ya mchungaji.

Na hiyo habari ya chumba. Unataka kumpeleka mama ghorofa ya tatu, mahali ambapo ng'ombe yuko kwenye pakiti ya maziwa tu. Atamsalimu nani Mwangaluka asubuhi, lifti? Ukimtoa Kimali hutamtoa mtu mgonjwa, utatoa mtu mzima umrudishe mgonjwa. Hujakanyaga pale tangu tulipomzika baba, miaka mitatu sasa, lakini kwa ramani unajua kila kichaka.

Kuhusu boma la Bujiku, hilo limenikosesha raha mimi pia, na sikutaka kukuambia. Ijumaa gulioni nilisikia mtu wa Kimali akisema mama Milembe siku hizi anazunguka maboma. Nilicheka ili wacheke. Hawakucheka. Wewe umezaliwa huku, unajua mwanamke mzee akizunguka boma la watu peke yake, tena penye msiba, watu hawakai kuhesabu hatua, wanatafuta mchawi.

Kwa hiyo usiniletee likizo yako. Niletee maelezo.

Methodius

*

Kimali,
Jumapili, 1 Juni 2025

Kwa Methodius na Hilaria,

Anayeandika ni Felisita, jirani. Anayesema ni Mayu Milembe. Nimetengeneza barua mbili zinazofanana, moja ya Bariadi, moja ya Dodoma. Ameniambia niandike kama anavyosema na nisilainishe.

Mwangaluka. Nimewasalimu. Sasa kaeni kimya.

Hilaria, kwa nini unanifinya?

Ulituma kitu cha mkononi, nikavaa kwa sababu kimetoka kwa mwanangu. Siku za kwanza kilikaa kimya. Mwezi wa tatu kikaanza kufinya. Jua likitoka, kinafinya. Nikakitazama kinawaka, kuna mtu mdogo anatembea. Felisita akasoma akasema kinasema inuka, tembea. Nikasema huyu ni Hilaria ananiona nimekaa. Nikainuka nikaenda mpaka kwenye pamba nikarudi. Kikatoa vinyota. Nikasema ameridhika. Baada ya saa moja kikafinya tena.

Nikiwa nakula kinafinya. Nikishika rozari kinafinya. Na kila nikimaliza safari zangu, kesho yake kinataka nyingi zaidi. Tabibu alisema nipumzike, lakini nilijua wewe umesoma, na unaniona kutoka huko, labda unajua kuliko tabibu. Nikatembea.

Mtauliza kwa nini sikusema kwenye simu. Ukipiga unauliza umekula, umelala, umekunywa dawa, halafu unasema haya mama niko kwenye kikao. Hujawahi kuacha nafasi ya mimi kuingia.

Mke wa Bujiku alikuwa rafiki yangu. Siku ya kumzika tumekaa chini na wanawake, kikafinya. Nikasema moyoni, Hilaria, hapa ni msibani. Kikafinya tena. Nikainuka nikazunguka boma ili unyamaze, nikarudi nikakaa. Mara ya pili nikazunguka. Mara ya tatu niliporudi, mke wa Ngassa alikuwa amevuta mkeka wake upande ule. Tangu siku hiyo wale niliokuwa naokota nao kuni wanapita nyuma ya nyumba.

(Mimi Felisita naongeza: nimewaambia ni mashine. Wakaniuliza ni mashine gani inayomwinua mama wa watu msibani.)

Alhamisi nilianguka njiani. Goti tu. Sikumwambia mtu.

Nimelima kwa ng'ombe miaka arobaini. Ng'ombe akilala kwenye mtaro nilimwacha alale, nikakaa naye. Ninyi niliwazaa, na mnanipiga fimbo kutoka Dodoma.

Methodius, Felisita amefungua simu ile akaniambia jina lililokubali ni lako. Tiki tano. Ulimkubalia nani? Mimi nilikuwa hapa hapa, na mdomo ninao. Tena nilikuona mara ya mwisho kabla ya Kwaresima. Umenikubalia mambo matano na hujaja hata kuniambia moja.

Nasikia nimepakiwa rangi chumba. Siendi.

Hicho kitu nimekivua. Nimekifunga kwenye mguu wa kigoda. Kikafinye kigoda.

Mama yenu,
Milembe

*

Dodoma,
Jumatatu, 9 Juni 2025

Kaka,

Barua ya Mayu nimeipata. Bila shaka na wewe yako unayo. Nimeisoma ofisini, mlango nimefunga.

Kwanza ujue tarehe moja ilivyokuwa kwangu. Saa nne asubuhi nikamuuliza msaidizi, Mayu anaendeleaje? Akanijibu: hakuna mapigo ya moyo tangu saa tatu na robo. Nilikaa chini kwenye ngazi za kanisa na viatu vyangu vizuri. Nikapiga simu ya Mayu haipokelewi, nikampigia Felisita haipokelewi, wote wako ibadani. Dakika arobaini nilikuwa yatima. Halafu Felisita akapokea, akasema Mayu anakunywa uji. Nilimfokea Felisita wa watu kana kwamba uji ule kauficha yeye. Sasa najua nilikuwa nalilia kigoda.

Pili. Niliposoma kuhusu kufinywa nikamgeukia msaidizi nikamuuliza kwa hasira, nani kakuambia umsumbue mama yangu? Akanijibu kwa adabu, jambo lililoniudhi zaidi. Akasema: tarehe 3 Machi uliniandikia, mama asikae bure sana, msaidie awe anatembea. Nikaweka kikumbusho cha kila saa na lengo linalopanda akilifikia. Tarehe 20 Aprili nilikuarifu kuwa mapigo ya moyo yanapanda baada ya vikumbusho, nikakuuliza kama nipunguze. Ulijibu: sawa, endelea.

Nimetafuta hiyo tarehe 20 nikaikuta. Pasaka, kaka. Nilikuwa napakua pilau. Nikasoma neno la kwanza, nikaandika sawa, endelea, nikarudi kwenye wageni. Kwa hiyo fimbo ni yangu. Nilimtembeza kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nikakuandikia wewe kwamba ni kibarua wako. Vikumbusho nimevifuta vyote siku hiyo hiyo.

Nimekuomba radhi hapo juu, kama umeiona. Usiitafute tena, haijirudii.

Maana sasa ni zamu yako. Kila Jumamosi, kaka? Jua mvua? Choroko ulizomwona anapepeta alizipepeta kabla ya Kwaresima? Ulinitazama usoni kwenye karatasi ukaniuliza nani mwongo. Mimi nilidanganywa na hesabu sahihi. Wewe ulinidanganya kwa kigoda ambacho hukukiona. Ungekwenda hata mara moja, mara moja tu, ungeuona huo mkono unafinywa, na mke wa Ngassa asingevuta mkeka.

Safari ya tarehe 28 sijaifuta. Kama bado anaanguka namchukua, apende asipende, na rangi ya chumba itakauka akiwa ndani. Nenda ukalione hilo goti. Na ruhusa ile iko kwa namba yako, wewe tu ndiye unayeweza kuiondoa au kuiacha. Mimi sigusi tena.

Hilaria

*

Kimali,
Jumanne, 17 Juni 2025

Mdogo wangu,

Naandikia kwenye kigoda. Kile kile. Niko hapa tangu Ijumaa, kazini nimesema nina dharura ya familia, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu ni kweli.

Jumamosi zangu zilikuwa uongo. Nilianza kwa kusema nitakwenda, halafu nikasema nilikwenda, na kati ya hayo maneno mawili kulikuwa na kitanda, na siku nyingine kulikuwa na nyama choma. Sina utetezi. Msimu wa kuandikisha ulinichosha, nikajiambia saa ipo, Hilaria anamwangalia. Wewe ukajiambia Methodius yupo. Mayu akabaki na kigoda.

Nilipofika alinipokea mzigo, akanipa maji ya kunawa, akaniwekea ugali na mlenda. Nilikula nikasikia ninavyotafuna. Nilipomaliza akasema, “Leo umekuja na tiki ngapi?” Nikaacha kunawa.

Goti linapona. Dastan amelitazama, na moyo ameusikiliza, anasema akiachwa apumzike atakuwa sawa. Akauliza nani alimtembeza hivyo. Nikamwambia ni familia.

Jumamosi nikafanya jambo moja ambalo utasema ni utani, lakini sikucheka nilipokuwa nalifanya. Nilimwomba Felisita awaite wale wanawake waje kwa Bujiku, pale pale penye boma, na mzee Bujiku mwenyewe awepo. Nikasimama mbele yao na kitambi changu nikawaeleza kwamba mimi ndiye niliyemfungia mama yangu kitu kinachofinya, bila kumuuliza, na kwamba dada yenu wa Dodoma alikuwa anakitekenya kwa mbali bila kujua. Waliniangalia kama ninauza dawa ya panya. Basi nikaiwasha ile saa, nikaweka kifinye kila baada ya dakika moja, nikamwomba mke wa Ngassa avae. Kilipomfinya aliruka, mtandio ukaanguka kwenye samadi. Akafinywa tena akaenda hatua nne bila kutaka. Wakavaa wote, mmoja mmoja. Mzee Bujiku akavaa wa mwisho. Akakaa nayo, ikamfinya kama mara tano, hakuinuka. Akaivua akampa Mayu mkononi, akamwambia, “Wewe siku ile ulivumilia zaidi yetu.” Jumapili kanisani mke wa Ngassa alikuja na mkeka wake, akautandika pale pale alipo Mayu. Mikeka iligusana.

Sasa kuhusu ruhusa. Nilitaka kuibonyeza Ondoa nimalize. Kidole kiko juu, nikakumbuka kwamba hata hilo nalifanya peke yangu. Nikamwita Mayu. Nikafungua ule ukurasa, nikaanza kumsomea mstari kwa mstari kwa Kisukuma, kwa mara ya kwanza hata mimi nikajua umeandikwa nini. Felisita akakaa kama shahidi.

Nikasema, wanataka kusoma hatua zako.

“Hapana. Nikienda chooni wanahesabu?”

Nikasema ndiyo, na hizo. Akasonya. Nikatoa tiki.

Usingizi wako.

“Baba yenu mwenyewe hakuwahi kuuliza. Hapana.”

Mahali ulipo.

“Nipo kwangu. Waandikie hivyo, hawana haja ya kutazama kila siku.”

Kukuwekea vikumbusho. Hapo alinitazama tu, nikaitoa haraka.

Ikabaki moyo. Nikamweleza kwamba hiki ndicho Dastan anakiogopa, kwamba ukienda vibaya Hilaria atajua mapema aweze kumtuma mtu. Akafikiri. Akamwuliza Felisita kama yeye angekubali. Felisita akasema ana watoto wanne na hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba kusikia moyo wake. Mayu akasema, “Huo asome. Autazame na aogope kidogo, ni mwanangu.” Akabonyeza mwenyewe, kwa kidole cha shahada, kwa nguvu kama anaziba tundu la panya, kisha akaivaa tena saa.

Ukurasa ukasema ruhusa hii mpya ni ya siku tisini tu, si kama ile ya kwanza, zikiisha itaulizwa upya. Akauliza itaulizwa kwa nani. Nikasema kwangu, namba ni yangu. Akasema, “Moyo ni wa nani?”

Kwa hiyo nimebadilisha. Namba za uthibitisho sasa zinakwenda kwenye kitochi chake, ile simu yake ndogo ya zamani iliyofungwa raba. Tarakimu anazijua, amesoma mizani ya pamba miaka yote. Nikamfundisha kama unavyobandika kwenye milango yenu: zikija zile sita usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka ofisini, hata akikuita kwa jina. Akanirudishia maneno yote bila kukosea. Laiti wakulima wangu wangesikiliza hivyo, na bwana shamba wao.

Kuhusu Dodoma alisema hivi, nakuandikia kama yalivyo: “Yeye ana chumba na mimi nina chumba. Aje alale kwangu kwanza.” Unakuja tarehe 28 au huji, hilo ni lako. Lakini ukija na gari la kubebea mtu, mimi nitasimama mlangoni, na mlango wenyewe unaujua ulivyo mwembamba.

Nimepanga kuja kila Jumamosi. Safari hii nitamwomba Felisita atie sahihi.

Kaka yako,
Methodius

*

Dodoma,
Jumanne, 16 Septemba 2025

Kaka Methodius,

Shikamoo.

Usiifurahie sana, nimeitoa nikiwa na hasira. Ningeweza kukupigia, nilikufungulia simu tangu mwezi wa saba, lakini nimezoea kukugombeza kwa kalamu, inaingia vizuri zaidi.

Tarehe 28 sikuja. Nilirudisha likizo, nikasema Mayu ana nafuu, msaidizi ananionyesha moyo umetulia, nitakwenda Krismasi. Miezi mitatu nimekunywa chai yangu nikitazama moyo wa mama kwenye kioo, nikajiona mtoto mwema. Hata wewe umenishinda. Felisita amenitumia picha ya daftari lako la sahihi, Jumamosi kumi na mbili, moja tu imekosekana, na ameandika pembeni “kuhara”.

Jumamosi siku tisini ziliisha. Nikamuuliza msaidizi, akanijibu kwamba ruhusa imekwisha na hana anachoweza kuona mpaka mwenyewe athibitishe tena. Nikasema ni jambo la dakika moja. Nikaomba namba zitumwe, nikampigia Mayu.

Nikamwambia, Mayu, zimeingia tarakimu sita kwenye simu yako, nisomee.

Akaniuliza, wewe ni nani?

Nikasema ni Hilaria.

Akasema sauti anaijua, lakini ameambiwa asimpe mtu namba hizo hata akimwita kwa jina. Nikamwambia Mayu, mimi ndiye niliyeandika hilo tangazo. Nina shahada ya mambo haya. Huku kwetu watu wazima wananiogopa kwa sababu ya hizo namba. Akasikiliza mpaka nikamaliza. Safari hii mimi ndiye niliyekosa nafasi ya kuingia.

Nikamwambia zinaisha baada ya dakika kumi. Akasema zikiisha zitakuja nyingine. Nikamwambia sasa sijui moyo wako unaendaje. Akasema, “Unakwenda. Namba ziko hapa kwenye kigoda, sijazificha. Njoo uzisome.”

Akakata. Mayu, kaka. Amenikatia simu. Nilijaribu mara mbili nyingine, ya tatu ikaniambia mteja hapatikani. Nilikaa na simu mkononi kwa hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, na sikuwa na wa kumkasirikia, kila niliyemtafuta alikuwa mimi.

Nimekata tiketi ya Alhamisi ya wiki ijayo. Natoka na begi moja dogo, hakuna gari la kubebea mtu. Nitalala kwake siku kumi. Unipokee stendi ya Bariadi twende wote Kimali, na njia nzima usithubutu kucheka.

Na muulize Mayu kama ninakaribishwa. Usimjibie.

Mdogo wako,
Hilaria